Picha kutoka Wodini

Wodini, 3 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kukuuma, na jirani yako muuza vitambaa bado anakuchekesha hata pale usipotaka kucheka. Mume wangu anakusalimu. Anachomelea mageti ya shule moja nje ya mji, na jioni anapita hapa akinuka moshi wa chuma, mpaka manesi wamempachika jina la Bwana Cheche. Hajakasirika. Nadhani amelipenda.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu wameninyang'anya. Kila nikimaliza kuzungumza na mtu, presha inapanda. Nesi mkuu wa hapa, ambaye sote tunamwita Kamanda akishatupa kisogo, alisimama kando ya kitanda changu akasema, "Mama, hiki kisimu ndicho ugonjwa wako wa pili." Akamkabidhi mume wangu aende nacho. Barua ameniruhusu. Anasema mtu akiandika, angalau anapumua.

Sasa habari yenyewe. Mlango wa kizazi umelegea tena, kama zile mara mbili. Safari hii wameuwahi mapema, mimba ikiwa bado ya mwezi wa nne, na daktari ameushona kwa uzi. Nilipomwambia nimelelewa na fundi cherehani, alicheka, akasema basi nikuulize wewe kama mshono utashika. Mimi sikucheka. Nimeambiwa nilale tu, nisinyanyuke ila kwenda msalani, mpaka mtoto akomae. Nikiuliza itakuwaje asipokomaa, daktari anaanza kufunua faili.

Nakuomba jambo moja. Usishone chochote. Nakujua mikono yako haitulii. Vile vijinguo ulivyowashonea wale wawili viko ndani ya begi juu ya kabati, na mpaka leo sijaweza kulishusha. Ukinipenda, usishone hata kofia.

Mimi mwanao niliyelazwa chali.


Nyumbani, 15 Februari

Kinyonga wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, na mara ya pili nimekaa chini. Huku tu wazima. Mvua imechelewa, mabomba yanakohoa hewa tupu, na jirani amegombana na mteja aliyerudisha kitambaa kikiwa kimeshakatwa. Ugomvi wote ameniletea mimi niamue, kama vile nina mahakama humu ndani. Oda za sare za shule zimekuja nyingi, lakini nimewagawia mafundi wengine wa mtaani. Na mimi nipumzike kidogo, umri huu si wa kushindana na mashine.

Sitashona. Nimekusikia.

Ila mtu anayetazama dari mchana kutwa atachanganyikiwa. Nilipita duka la vifaa vya shule kununua chaki za kitambaa, nikaona sanduku la rangi za maji, zile za wanafunzi, na brashi zake. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kazini kwenye lile duka la rangi za nyumba, leo vidole kijani, kesho vyekundu, mpaka nikakupa hilo jina la Kinyonga. Miaka yote hiyo umewachanganyia watu rangi za kuta zao, na wewe hujawahi kuchora hata kikombe. Basi chora. Chora chochote unachokiona kutoka hapo ulipolala. Karatasi nene nimekuwekea humo humo.

Mwamini Mungu, mwanangu. Anakuona hapo ulipo.

Usiuangalie sana mwandiko. Kalamu hii ni mbovu.

Mama yako Mkubwa.


Wodini, 28 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sanduku limefika, kifuniko kimepasuka pembeni lakini rangi zote zimo. Asante. Mume wangu mzima, ameunguza kiganja, si sana. Tumbo linaonekana sasa. Kitanda cha pili yupo mwalimu wa hesabu, naye ameshonwa kama mimi, na ana mdomo mtamu. Asubuhi akiamka anasema, "Mwenzangu, tumeongeza moja," yaani siku moja zaidi. Halafu tunatazamana kama watu waliotoroka na kitu.

Nitakuambia ukweli, na usinikasirikie. Wewe umeniambia nimwamini Mungu. Mama mkwe kaniambia. Mwanamke anayedeki wodi kaniambia, akiwa ameegemea fagio. Hata mtu wa damu, aliyekuja kunitoboa mkono, kaniambia. Mama Mkubwa, zile mara mbili nilimwamini. Sikumwamini nusu, nilimwamini yote, mpaka nikachagua majina. Sasa nikitaka kusali, neno la kwanza linakwama hapa kooni, kwa sababu sijui namwomba anipe au namwomba asininyang'anye. Wewe uliyenilea ungenijibu, si kuniandikia mstari ule ule wa kila mtu.

Picha nimechora. Ni tangi la maji la juu ya paa ninaloliona dirishani. Limetoka kama kiazi. Dukani nilikuwa najua, vipimo vitatu vya hii, kimoja cha ile, na mteja anapata ukuta wake sawasawa na aliouona kwenye kadi. Hizi za maji hazinisikii. Naweka rangi hapa, yenyewe inakimbilia kule. Nikiirekebisha kabla haijakauka inageuka tope. Kamanda alipita, akasimama, akasema, "Hilo ni jiwe?" Mwalimu alicheka mpaka nikaogopa mshono wake.

Lakini nikuambie kitu. Nilipokuwa nachora hicho kiazi changu, walinipima presha. Ilikuwa imeshuka.

Na wewe nunua sanduku lako. Nichoree chumba chetu. Nimesahau dirisha lilivyo.

Mwanao.


Nyumbani, 22 Machi

Kinyonga,

Nisamehe kuchelewa. Tu wazima, jirani mzima. Mvua imefika kwa hasira.

Ulitaka nikujibu. Nimekaa na swali lako siku nyingi, na jibu sina. Nilidhani ninalo. Mimi ndiye niliyekufundisha kusali, na siku hizi nikifumba macho nami naishiwa maneno. Basi nakaa tu hapo. Sijui kama huko nako ni kusali. Naandika hivi ili usidhani wewe peke yako ndiye uliyekwama.

Picha ndiyo hiyo. Chumba kile kile. Usicheke, miguu ya meza imekataa kusimama.

Mama yako Mkubwa.


Wodini, 30 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na mtoto anacheza, anacheza sana ninapokula. Mume wangu amemaliza mageti, sasa anatengeneza vitanda vya bweni. Mwalimu ameenda nyumbani. Kitanda chake bado hakijapata mtu.

Nimeendelea na rangi. Juzi nilichora mashuka yaliyoanikwa kwenye uzio wa nyuma. Nilitafuta nyeupe kwenye sanduku, hakuna. Nikamlaumu mwenye duka, kumbe ndivyo zilivyo rangi hizi. Nyeupe haipakwi, inaachwa. Unazungusha rangi pembeni, na pale usipopagusa ndipo shuka linapotokea. Ilinichukua karatasi kadhaa, kwa sababu mkono wangu hauwezi kuacha mahali. Unataka kujaza tu.

Picha yako nimeibandika ukutani kwa plasta ya kidonda, Kamanda akajifanya haoni. Nimeitazama kila siku. Miguu ya meza ni kweli imelewa. Lakini mbona cherehani imefunikwa? Mwanga wa dirishani umeuchora wa mchana. Tangu nikujue, cherehani ile inafunikwa ukienda kulala, basi. Hata siku ya mazishi ya mama ulikuwa umeshona asubuhi, kwa sababu ulisema mikono ikikaa kichwa kitapasuka. Na kitambaa ulichofunikia umekichora kina vumbi juu. Umechanganya kijivu kwa makini kuliko kitu kingine chochote kwenye picha hiyo.

Na mwandiko wako unazidi kulala upande. Usiniambie ni kalamu.

Niandikie ukweli. Presha yangu itapanda zaidi nikiendelea kubuni.

Mwanao.


Nyumbani, 18 Aprili

Kinyonga,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika siandiki vizuri. Mumeo alinipigia simu. Alidhani umeshaniambia mwenyewe. Akaniambia ulitokwa na damu wiki mbili nzima, na usiku na mchana umewekewa dripu, na kwamba ulimkataza asiniambie. Nikarudi kuisoma barua yako ya Machi. "Mimi ni mzima na mtoto anacheza." Uliandika hayo ukiwa na sindano mkononi. Na uliandika kwamba mwalimu ameenda nyumbani. Hukuandika kwamba ameenda bila mtoto, hilo nalo nimelisikia kwa mumeo.

Nimemlilia yule mwalimu nisiyemjua.

Kwa hiyo tumefichana wote, na mimi sina mdomo wa kukugombeza. Basi sikia. Nina uvimbe kwenye ziwa la kulia. Ulianza kama punje ya dengu, nikasema utaondoka. Haukuondoka. Sasa umefika kwapani, na mkono umekuwa mzito, nikikanyaga cherehani kitambaa kinanikimbia. Ndiyo maana nikagawa zile oda. Jirani aligundua aliponiona nikichota maji kwa mkono wa kushoto. Mdomo wake hauna breki, lakini hili amelinyamazia, na ujue linamtesa.

Utaniuliza kwa nini sijaenda hospitali. Unajua mama yako alikuwa na nini. Mdogo wangu aliingia kwenye mlango wa upasuaji akitembea kwa miguu yake, amebeba mfuko wa nguo, akanigeukia akaniambia nisiache maharage yaungue. Mlango ukafungwa. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje mpaka waliponiita kwenda kumchukua. Kilichoko ndani sikukiona. Kila nikijitayarisha kwenda, nafika getini, nauona ule mlango kichwani, miguu inageuka yenyewe. Nimeshageuka mara nyingi. Halafu narudi nyumbani kukuandikia wewe umwamini Mungu.

Usiniandikie maneno makali. Nimeshajiambia yote.

Mama yako Mkubwa.


Wodini, 25 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Damu imekata. Nakuapia, muulize mume wangu, nimemfungulia mdomo. Mtoto yupo, mapigo yake nimeyasikia leo asubuhi, yanakwenda mbio kama cherehani ikishona pindo refu.

Barua yako nimeisoma, nikafunika uso kwa shuka, Kamanda akaja. Nilidhani atanipima presha. Alikaa kitandani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu, akasema, "Nani amekufa?" Nikamwambia bado hakuna. Nikamsimulia. Akasikiliza, halafu akaniuliza, "Sasa huyo mama anaogopa kitu gani hasa? Kisu?" Nikasema hapana, anaogopa mlango. Akasema, "Basi mwonyeshe ndani."

Kwa hiyo siku hizi zote nimekuwa nikikuchorea. Sita kwa jumla, zimo humu kwenye bahasha, nimezipanga. Ya kwanza ni kaunta ya mapokezi, yule wa miwani ana hasira na kila mtu, usidhani ni wewe. Ya pili korido. Ni ndefu, ni kweli, lakini ona mwanga unavyoingia kila penye dirisha. Nilipakumbuka kwa sababu walinipitisha hapo nikiwa kwenye machela, nikawa nahesabu madirisha ili nisipige kelele. Ya tatu ni wodi yetu ilivyo saa ya chai, hilo toroli gurudumu lake moja hulia. Ya nne ni viatu vya Kamanda. Ukilala, viatu ndivyo unavyoviona kwanza, na vyake vimeliwa kisigino upande mmoja kwa kututembelea. Ya tano ni mlango wa chumba cha upasuaji, upande wa ndani. Ulikuwa hujauona upande huo. Una ndoano ya kutundikia makoti, na mtu ametundika mwavuli. Ya sita ni taa. Ukilazwa pale juu unaona taa tu, kubwa, nyingi kwenye sahani moja, na halafu kuna mtu anayekuuliza jina lako na umetoka wapi. Unamjibu, unalala.

Sitakudanganya kwamba ukiingia utatoka. Mama hakutoka. Mwalimu alitoka mikono mitupu, na alipokuwa anafunga begi lake nilijifanya nimelala, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama nikiwa na tumbo langu. Lakini mlango ule ulioubeba miaka yote, naona umeujaza mwenyewe kwa giza lako. Ndani yake kuna mwavuli.

Mimi sala yangu imefupika, imebaki neno moja. Asubuhi nasema, "Leo." Basi. Sijui kama Mungu anaridhika nalo. Ila naona siku zinaendelea kuja.

Mume wangu atakuja Jumamosi kukupeleka. Usimpikie, usimwambie una wageni. Nenda naye.

Mwanao.


Hospitali, 9 Mei

Kinyonga wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo soma taratibu.

Niko ndani. Bwana Cheche wako alinishika kiwiko pale getini kama ananikamata, akasema, "Mama, mimi nimetumwa, na aliyenituma unamjua." Miguu ikataka kugeuka. Nikatoa picha ya kwanza kwenye mkoba, nikaenda mpaka mapokezi nikiwa nimeishika mbele kama cheti. Huku kwetu wa mapokezi hana miwani wala hasira. Ni mwanamke mnene anayekula karanga. Na kuta ni za kijani, si bluu kama ulivyochora. Nimekuta makosa mengi sana. Korido yetu ni fupi, toroli la chai halilii, na daktari ni kijana mwenye chunusi, nilitaka kumuuliza mama yake yuko wapi. Kila nilichokuta hakifanani na picha, nilikiangalia vizuri ili nikuambie. Nikawa nimeshafika kitandani.

Walichukua kinyama wakakipima. Ni kile tulichokidhania. Watanikata keshokutwa, ziwa lote na vijitezi vya kwapani. Yule kijana amenieleza bila kuzunguka, akanichorea kwa kalamu kwenye karatasi. Anachora vibaya kuliko mimi.

Picha zako nimezipanga kwenye kabati la kitanda. Wagonjwa wanakuja kuziona. Kuna bibi mmoja wa kitanda cha dirishani ameomba ile ya taa alale nayo, kwa sababu yeye anaingia kesho. Nimempa.

Nimeanza kusema lile neno lako la asubuhi. Linanitosha hadi mchana hivi. Baada ya hapo ninaanza upya.

Kama sitakuandikia haraka, ni mkono.

Mama yako Mkubwa.


Wodini, 21 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Sijui kama unaisoma hii. Siku yako ya kupasuliwa imepita, na wiki imepita juu yake. Simu yako imezimwa. Ya jirani inaita halafu inakata, sasa haiiti kabisa. Mume wangu alikuwa apande basi kuja kukuangalia, na asubuhi hiyo hiyo uchungu ukanishika.

Mshono uliachia kabla ya mwezi wa nane kuisha. Kamanda alikimbia na machela yeye mwenyewe, viatu vinapiga sakafu. Nikaziona zile taa. Mtu akaniuliza jina langu na nimetoka wapi, nikamjibu, na katikati ya kujibu nikawaza kwamba wewe nawe umeulizwa hivyo hivyo, na sikujua kama umeamka.

Ni msichana. Analingana na mkate. Hakulia, wakamkimbiza, halafu nikasikia sauti kama paka chini ya meza. Yuko ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Ana mipira puani, na kifua chake kinapanda na kushuka kwa haraka mno. Wananiruhusu kukaa naye, kuingiza mkono kwenye tundu la pembeni. Ananishika kidole kimoja. Akiachia, siondoi mkono mpaka ashike tena. Jana alisahau kuvuta pumzi. Nesi akamgonga wayo wa mguu, akakumbuka. Nesi akasema wanafanya hivyo, watoto wa namna hii husahau. Alisema kama mtu anayezungumzia kusahau ufunguo.

Mume wangu anasimama nje ya kioo amekunja kofia yake. 

Nimemchora. Nimekaa pembeni ya kisanduku na kikombe cha maji magotini. Rangi yake siipati. Juzi alikuwa mwekundu, jana ana umanjano, leo kuna kahawia inaanza kuja masikioni. Dukani hakuna namba ya rangi hii. Nachanganya, naweka, nasubiri ikauke, namtazama, amebadilika tena. Naanza nyingine. Nesi aliniuliza sababu ya kumchora mara nyingi hivi, nikamjibu kwamba nikimchora namwona yeye, nisipomchora naona yote yanayoweza kumpata.

Nilitaka kungoja nipate habari zako kwanza ndipo niandike. Halafu nikaona, kama nitangoja kujua ndipo nikuite, basi hata huyu nisingempa jina mpaka akue. Tumempa. Ni jina lako. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayesomwa. Nimeweka karatasi hii kwenye bahasha, nimeandika jina lako juu, na mume wangu anaipeleka posta. Nimemkabidhi Mungu iliyobaki. Sikumkabidhi kwa utulivu.

Mwanao.


Nyumbani, 19 Juni

Kinyonga wangu, mama wa jina langu,

Marahaba. Nipo.

Niliamka vizuri, halafu kidonda kikaingia homa, nikawa siku nyingi sijui niko wapi. Jirani alilala sakafuni kando yangu siku zote hizo. Simu yangu aliizima ili nisisumbuliwe, akasahau namba ya kuifungulia mpaka nilipozinduka nikamtajia. Yake aliitumbukiza kwenye ndoo akinikanda. Ndiyo siri yote ya kimya changu. Nilikuwa nimeandaa kumgombeza, lakini amekonda.

Barua yako ya kwamba umejifungua alinisomea yeye, homa ilipoanza kushuka. Alipofika pale mtoto aliposahau kuvuta pumzi, akaishusha barua. Nikamwambia, "Endelea." Akasema, "Ngoja kwanza na mimi nivute." Mumeo amenipigia juzi, nimeambiwa mtoto ametolewa kwenye kisanduku, ameongezeka, mmerudi nyumbani, na analia mpaka wapangaji wenzenu wanagonga ukuta. Mwache alie. Wagonge.

Sasa yangu. Jana nilirudi kwa yule kijana kuchukua majibu. Akafunga mlango, akavuta kiti akakaa karibu, nikajua. Uvimbe wameutoa wote waliouona, lakini vijitezi vya kwapani vilikuwa vimeshaguswa. Itabidi nipate dawa za dripu kwa miezi, zile za kunyonyoa nywele, na baada yake watapima tena. Nikamuuliza, "Nitapona?" Akanitazama. Akasema, "Mama, nataka sana kukuambia ndiyo." Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nikambariki na chunusi zake.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Ng'ambo ya njia kuna ukuta wa chumba cha kufulia, wa saruji, usiopakwa kitu. Jua lilikuwa limeupiga upande mmoja tu, ule ukaanza kukauka, na upande mwingine bado umelowa. Palipokutana pakavu na majimaji palikuwa na rangi ambayo siwezi kukuambia jina lake. Si kijivu, si zambarau. Nikaanza kuwaza ningeichanganya vipi. Labda bluu na kahawia kidogo, maji mengi. Halafu ile sehemu kavu ikawa inasogea, polepole, inapanda ukuta, nami naifuata kwa macho.

Jirani akatoka duka la dawa, akanikuta. Akaniuliza, "Umekaa hapo unalia?"

Nikamwambia, "Hapana. Natafuta rangi."

Akanishika kipaji cha uso kuona kama homa imerudi.

Mwanangu, nilikuwa nimesahau kuogopa. Nilikuwa na majibu yale mkobani, na kwa muda wote ule sikuogopa. Hofu ilirudi tulipofika getini, ipo hata sasa ninapoandika, imekaa hapa hapa mezani. Lakini sikujipa mwenyewe ule muda. Ningeweza, ningejipa zamani. Nilipewa. Nikaona aliyenipa ule wa jana hajaishiwa.

Dawa zinaanza Jumatatu. Wanakaa watu wengi chumba kimoja, kila mmoja na dripu yake, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nimeshawaomba wanipe kiti cha dirishani.

Wako, mwenye mkono wa kushoto.